Blanketi la Rangi Nyingi: Namna ya Kulifuma na Kumfikishia Mhitaji



Wapendwa wanakamati wa parokia, na ninyi marafiki mnaotusaidia kwa hali na mali,

Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, baridi si jambo la mazungumzo tu. Uwanda wa Kitulo, upande wa Makete, uko kwenye mwinuko wa takribani meta 2,600 kutoka usawa wa bahari, na kuna asubuhi ambazo majani huamka meupe kwa sakitu. Katika majira hayo, nyumba yenye blanketi moja na watu wanne haina usingizi.

Jambo linalotutia hofu zaidi ni jiko la mkaa. Mtu akishindwa na baridi, huingiza jiko chumbani, akafunga mlango na dirisha, akalala. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu, na aliyelala anaweza asiamke tena. Kwa hiyo tunapozungumzia blanketi, tunazungumzia pia uhai.

Wanaopata shida zaidi ni wazee wanaolea wajukuu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011-12 ulionyesha kuwa Njombe ilikuwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 14.8 kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Ugonjwa huo umewaacha mabibi na mababu wengi wakianza malezi upya wakati nguvu zimekwisha.

Kamati kadhaa zimetuuliza kama kazi ya kufuma mablanketi ya rangi nyingi kwa ajili ya watu hao ina maana yoyote, au ni kuwapotezea kina mama muda. Katika makala hii tunaeleza kazi yenyewe, mahali inapofaa na mahali isipofaa.

Kazi hii ilitoka wapi?

Blanketi tunalolizungumzia hufumwa kwa kroshia, yaani sindano moja yenye kidoko mbele, si zile sindano mbili za kufumia sweta. Huko Marekani huliita "afghan". Uzuri wake ni kwamba linaweza kufumwa vipande vidogo vya mraba, kila kimoja na rangi zake, kisha vikaunganishwa. Ndiyo maana lilipendwa na watu wenye uzi kidogo: mabaki ya sweta la jana yanakuwa kipande cha leo.

Mwaka 1991 mwanamke mmoja wa jimbo la Wisconsin, Evie Rosen, aliona kwamba watu wengi wana moyo wa kusaidia ila hawana muda wa kumaliza blanketi zima. Akaanzisha mpango wa Warm Up America, ambamo kila mtu hufuma kipande cha inchi 7 kwa 9 tu, na vipande 49 vikiunganishwa huwa blanketi moja. Mwaka 1995, katika jimbo la Colorado, ukaanza mpango wa Project Linus wa kuwapatia mablanketi watoto wagonjwa.

Karibu nasi zaidi, huko Afrika Kusini, Carolyn Steyn alianzisha mpango wa mablanketi 67 kwa heshima ya Nelson Mandela, baada ya Zelda la Grange, aliyekuwa msaidizi wa Mandela, kumpa changamoto ya kufuma idadi hiyo. Namba 67 ni miaka ambayo Mandela aliitumikia jamii. Kazi iliyoanza kwa mtu mmoja ikaenea hadi mashuleni na magerezani, wafungwa nao wakajifunza kufuma kwa ajili ya watu wanaolala baridini.

Fundisho tunalolipata hapo ni moja: hakuna anayetakiwa kubeba blanketi zima peke yake.

Hesabu ya jumuiya

Sisi tunapendekeza kipande cha sentimeta 20 kwa 20, kwa sababu ni rahisi kukipima kwa rula ya mwanafunzi. Vipimo ni hivi:

- Blanketi la mtoto mchanga: vipande 4 kwa 4, jumla 16 (sentimeta 80 kwa 80).
- Blanketi la mtoto wa shule: vipande 6 kwa 8, jumla 48 (sentimeta 120 kwa 160).
- Blanketi la mtu mzima: vipande 7 kwa 9, jumla 63 (sentimeta 140 kwa 180).

Chukueni jumuiya yenye wafumaji 12. Kila mmoja akifuma kipande kimoja kwa wiki, baada ya wiki nne mna vipande 48, yaani blanketi moja la mtoto wa shule. Mkianza Januari hadi mwisho wa Mei mtakuwa na mablanketi matano kabla baridi haijakaza. Parokia yenye jumuiya 20 za namna hiyo itakuwa na mablanketi 100. Hapo hatujamwomba mama yeyote zaidi ya kipande kimoja kwa wiki.

Namna ya kufuma kipande

Anza kwa kufuma vitanzi vinne na kuviunganisha viwe pete. Ndani ya pete hiyo fuma mafungu manne, kila fungu likiwa na nguzo tatu (nguzo ni ule mshono mrefu unaosimama). Kati ya fungu na fungu weka vitanzi viwili vya hewani. Hizo ndizo pembe nne za mraba. Mzunguko wa pili, katika kila pembe fuma mafungu mawili yaliyotenganishwa na vitanzi viwili. Mizunguko inayofuata, pembe hufanywa vilevile, na kila nafasi iliyo kati ya pembe na pembe hupata fungu moja. Badilisha rangi kila mzunguko ukipenda, na endelea hadi ufikie sentimeta 20.

Mzunguko wa mwisho wa kila kipande uwe wa rangi moja kwa blanketi zima, kwa mfano nyeusi au damu ya mzee. Rangi hiyo moja ndiyo inayowapatanisha wafumaji 12 wenye macho tofauti, na blanketi likaonekana limekusudiwa.

Uzi wa kutosha

Blanketi la mtoto wa shule hula uzi wa karibu kilo moja hadi moja na nusu, kutegemea unene wa uzi na mkono wa mfumaji. Njia ya kupunguza gharama ni kufumua masweta ya mitumba. Lakini kabla ya kununua, geuza sweta na uangalie mishono ya ubavuni. Kama vipande vyake vilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa uzi, litafumuka vizuri na kukupa uzi mrefu. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kingo zake kushonwa kwa cherehani, utaambulia vipande vifupi visivyo na kazi. Uzi uliofumuliwa ufungwe mafungu, ufuliwe, na uanikwe ukining'inizwa na kitu kizito kidogo ili unyooke.

Uzi mwingi wa sweta unaouzwa madukani ni wa akriliki. Unafulika kwa urahisi, lakini ukigusa moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Tafadhali mwelezeni kila anayepokea asilitandaze karibu na jiko wala mafiga. Uzi wa sufu ya kondoo hauyeyuki hivyo, ila ukifuliwa kwa maji ya moto hujikunyata. Msichanganye aina hizo mbili katika blanketi moja, kwa sababu upande mmoja utarudi na mwingine utabaki.

Makosa tuliyofanya

Hatuna budi kusema ukweli kwamba mwanzoni tulikosea. Mablanketi yetu ya kwanza yalikuwa ya kupendeza kwa macho, lakini ncha za nyuzi zilikuwa zimekatwa fupi bila kufichwa ndani ya mfumo. Baada ya kufuliwa mara mbili tatu yalianza kufumuka pembeni. Bibi mmoja alitueleza kwa upole kwamba ameyashona tena kwa uzi wa gunia. Tangu hapo, kila ncha huachwa yenye urefu wa kidole na kupitishwa ndani ya mfumo kwenda na kurudi kabla ya kukatwa.

Kosa la pili lilikuwa matundu. Mfumo wa mafungu una nafasi wazi, na upepo wa usiku unapita humo. Kinachomtia mtu joto ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi, na hewa inayopita haitulii. Kwa hiyo blanketi la mtu mzima sasa tunalishonea kitambaa cha pamba upande wa chini, hata shuka la zamani lililo safi. La mtoto mchanga tunalifuma kwa mishono ya kubana, bila nafasi, kwa kuwa vidole vyake vinaweza kunasa kwenye matundu.

Tukiwa kwa mtoto mchanga, tuongeze neno. Shirika la Afya Duniani linasema joto la kawaida la mtoto mchanga ni nyuzi 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi; likishuka chini ya hapo yuko hatarini. Kinga ya kwanza si blanketi, ni kumkausha mara tu anapozaliwa na kumweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Blanketi huwafunika wote wawili kwa juu, na uso wa mtoto hubaki wazi.

Kosa la tatu lilikuwa letu sisi wa ofisini. Tuligawa mablanketi baada ya misa, mbele ya umati, na picha zikapigwa. Baadaye tuligundua kwamba waliopata ni wale wenye miguu ya kufika kanisani. Aliyekuwa amelala na homa nyumbani kwake hakupata. Siku hizi majina hupendekezwa na jumuiya, yakahakikiwa na mhudumu wa afya wa kijiji, bila kuuliza dhehebu wala dini. Blanketi hupelekwa nyumbani, na hatupigi picha bila ridhaa ya mwenye nyumba. Wafadhili wetu mtatuwia radhi mkiona picha ni chache.

Kwa nini tusinunue tu?

Swali hili ni la haki. Tukihesabu saa za kufuma kwa thamani ya fedha, blanketi la kiwandani ni rahisi zaidi. Na penye dharura, kununua ndiyo njia sahihi. Mwezi Desemba 2023, maporomoko ya tope yalipoukumba mji wa Katesh wilayani Hanang, watu walihitaji kujifunika usiku uleule. Hakuna aliyeweza kuwaambia wasubiri jumuiya ifume.

Lakini baridi ya Juni si dharura. Inajulikana tangu Januari. Kwa hitaji linalojulikana mapema, kufuma kunaleta faida ambayo dukani haipatikani. Kipande kinapofumwa, wafumaji huulizana kitakwenda kwa nani, na kwa kuulizana hugundua kwamba yule mzee wa kitongoji cha juu hajaonekana wiki mbili. Msichana anayejifunza kroshia kwa ajili ya jirani anabaki na ufundi wa kufuma kofia na soksi za kuuza. Na mtoto anayepewa blanketi la rangi alizoziona zikifumwa na mama wa jirani anajua kwamba anafahamika kwa jina.

Kwa marafiki walioko ng'ambo wanaotaka kutuma mablanketi: tunashukuru kwa moyo, lakini usafiri huenda ukazidi thamani ya mzigo. Mchango wa kununulia uzi hapa nchini utafika mbali zaidi.

Tunachowaomba

1. Kila kamati iteue mama au baba mmoja wa kupokea vipande na kuvipima. Kisichofika sentimeta 20 kirudi kwa mwenyewe kwa upendo.
2. Orodha ya wahitaji ianze kuandaliwa Januari, ikianza na wasiofika kanisani.
3. Kabla ya kuunganisha, kila rangi iliyokoza ijaribiwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikichuja, isitumike.
4. Anayepeleka blanketi akumbushe habari ya jiko la mkaa. Dakika mbili za maelezo zina uzito sawa na blanketi.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, Mungu anaagiza kwamba aliyechukua vazi la maskini kama rehani amrudishie kabla jua halijatua, kwa kuwa hana kingine cha kujifunika alalapo. Na katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, wajane wa Yopa walimwonyesha Petro nguo alizowatengenezea Dorkasi wakati wa uhai wake. Hawakuwa na maneno mengi ya kumsifu, walionyesha nguo. Nasi tuombe kwamba Juni itakapofika, katika nyumba za wazee wetu kuwe na cha kuonyesha.