Mbwa mwenye kisukari: Chunga bomba la sindano
MKAZI wa Meru au Embu ambaye mbwa wake anaugua kisukari hana budi kumdunga insulini, kwa kawaida kila baada ya saa 12, akishakula. Hatari imo katika bomba la sindano. Insulini ya binadamu inayouzwa katika maduka ya dawa huwa na yuniti 100 kwa mililita. Ya wanyama aghalabu huwa na 40. Ukivuta ile ya 100 kwa bomba la 40, mbwa atapata kipimo mara mbili na nusu ya alichoandikiwa, na huenda akafa. Akitetemeka au kuyumbayumba, mpake asali kwenye ufizi, kisha umkimbize kwa daktari wa mifugo. Akikataa chakula, usimdunge kabla ya kumwuliza daktari huyo.