Zabibu za Dodoma: Safari ya Asiyekunywa

Mimi sinywi. Naanza na hilo kwa sababu najua mtu wa nyumbani Mashewa akiona jina langu juu ya makala ya mvinyo, kabla ya magharibi habari itakuwa imeshafika kwa bibi, tena imeongezwa chumvi. Kwa hiyo ieleweke: nimezunguka shamba la zabibu na kiwanda cha mvinyo hapa Dodoma, nimeuliza maswali mpaka wenzangu wakachoka, na nimerudi hosteli na chupa ya juisi.

Kilichonipeleka ni simu ya baba. Sisi kule Korogwe tunalima mahindi, na baba ana michungwa aliyoikuta kwa babu. Msimu uliopita dalali alikuja na gari, akataja bei yake, akasema hamtaki basi, subirini mwingine. Machungwa hayasubiri. Mengi yaliozea chini ya miti. Sasa baba akaniuliza, "Mwanangu, nataka niikate yote nibaki na mahindi. Wewe msomi unaonaje?" Nipo mwaka wa tatu, nasomea ualimu wa Jiografia, na jibu sikuwa nalo. Nikamwomba anipe muda.

Wiki ile ile bumu likaingia, na wenzangu watatu wakawa wanapanga safari ya zabibu. Nikasema, na mimi nimo. Nilitaka kuona watu wengine wenye tunda linalooza wanafanyaje.

Kwa nini Dodoma?

Ukifungua vitabu vya Jiografia, utaambiwa mizabibu ya mvinyo hustawi zaidi kati ya nyuzi 30 na 50, kaskazini au kusini mwa ikweta: Ufaransa, Italia, Afrika Kusini. Dodoma ipo kama nyuzi 6 tu kusini. Kwa hesabu hiyo tusingekuwa na kitu.

Kule kwenye baridi, majira yenyewe ndiyo yanayoulaza mzabibu. Unapukutisha majani, unalala, ukiamka unazaa mara moja kwa mwaka. Hapa kwetu hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo kazi hiyo anaifanya mkulima kwa mkasi. Anapogolea matawi, mzabibu unachipua upya kama vile umetoka usingizini, na baada ya miezi kama minne kuna zabibu. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Bonde la mto São Francisco kule Brazil nako huvuna zaidi ya mara moja kwa njia hiyo hiyo.

Na ule ukame tunaoulalamikia kila siku una faida yake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ina jua la kutosha, na mvua yake ni chache, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Zabibu ikiiva kwenye unyevunyevu inashambuliwa na ukungu. Kwenye hewa kavu inatulia na kujaza sukari. Jambo la kukumbuka: zabibu haiivi ikishakatwa, si kama ndizi au embe. Ukiivuna mbichi, umeivuna mbichi milele.

Zilivyofika, zikang'olewa, zikarudi

Wanaotajwa kuwa walianza kupanda ni wamisionari Wakatoliki wa Bihawana, njia ya Iringa, waliotaka divai ya altare. Baadaye zao likatoka misheni likaenda kwa wananchi, na serikali ikaanzisha kiwanda, DOWICO, kununua zabibu na kutengeneza mvinyo. Makutupora kukawa na kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho leo kiko chini ya TARI. Ukisikia wakulima wanasema "Makutupora nyekundu", wanataja aina ya zabibu iliyobeba jina la mahali hapo. Nyeupe iliyozoeleka ni Chenin Blanc.

Kisha DOWICO ikafa. Wakulima waliokuwa wanamtegemea mnunuzi mmoja wakabaki na vichala mikononi, na wengi wakang'oa mizabibu. Miaka ya 2000 viwanda binafsi vikaja, kikiwemo CETAWICO cha Hombolo, na watu wakaanza kupanda tena. Lakini mzabibu ukipandwa leo, unasubiri miaka miwili mitatu mpaka uzae vizuri. Kuung'oa ni kazi ya siku moja. Nilipofika hapa kwenye daftari langu nikaandika pembeni: "Baba."

Shambani

Tulikwenda upande wa Mpunguzi, Agosti, asubuhi. Mama mwenye shamba tulimwamkia "Mbukwa", akacheka jinsi tulivyoitamka, akaitika. Tulikuwa tumempigia simu siku mbili kabla na kupatana bei ya kutembezwa, kwa sababu muda wake wakati wa mavuno ni pesa.

Alituonyesha nguzo na waya zinazobeba matawi, akatuonyesha jicho lililochipua baada ya kupogolewa, akatupa zabibu tuonje kutoka juu ya kichala na kutoka chini. Utamu haukuwa sawa. "Ndiyo maana mnunuzi anakuja na kipimo cha sukari," alisema. "Sukari ikiwa ndogo, bei inashuka au anaziacha."

Nikamuuliza swali langu: mnunuzi asipokuja?

Akanyamaza kidogo. "Mwaka mmoja zilikauka hapo hapo kwenye waya, binti yangu. Nilikuwa namsubiri mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa anajua kwamba namsubiri."

Tangu siku hiyo, alisema, hategemei mlango mmoja. Zabibu nzuri za mezani anauza kwa akina mama wanaozipeleka stendi na mjini. Nyingine zinakwenda kiwandani. Zilizobaki, yeye na wakulima wenzake wanazikamua na kuuza mchuzi wa zabibu. Usicheke, huo si mchuzi wa wali. Mchuzi ndilo jina la kile kinachotoka kwenye zabibu zilizosagwa, ambacho viwanda vinanunua kwa lita kumalizia mvinyo. Zabibu mbichi inakupa siku chache tu, lakini mchuzi uliochachuka na kuhifadhiwa vizuri kwenye tangi safi unakupa miezi. Na miezi ni nguvu ya kusema "bei hiyo hapana". Mlango wa nne, akasema huku anatucheka, ni sisi: watu wa mjini wanaolipa kuja kutazama.

Kiwandani

Mchana tukaingia kiwanda kidogo cha jirani. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Zabibu zinachambuliwa, zinatolewa vikonyo, zinasagwa. Hamira inakula sukari na kutoa kilevi na gesi. Rangi iko kwenye ganda: mvinyo mwekundu unachachuka pamoja na maganda, mweupe unakamuliwa kwanza na maganda yanawekwa pembeni. Hamira ikimaliza karibu sukari yote, mvinyo unakuwa mkavu mdomoni. Ikisimamishwa mapema, au utamu ukiongezwa baadaye, unapata ule mtamu ambao Watanzania wengi wanaupenda.

Wenzangu walionja. Walifundishwa kutazama rangi, kunusa, kuchukua funda dogo na kulitema kwenye ndoo ukitaka. Rafiki yangu wa Moshi alilisahau hilo la kutema, akalala njia nzima wakati wa kurudi. Chukueni hilo kama elimu: mvinyo una kilevi cha asilimia 12 hivi, bia nyingi zina kama 5. Haunywewi kama soda.

Mimi nililetewa juisi na zabibu kavu. Hakuna aliyenishangaa. Nikapiga hesabu yangu: chupa ya mililita 750 inahitaji zabibu kama kilo moja na kidogo. Linganisha mwenyewe bei ya kilo shambani na bei ya chupa dukani. Tofauti yote hiyo si faida, maana kuna chupa, kizibo, usafiri na kodi, lakini mkulima anayeishia kwenye kilo haigusi hata kidogo.

Ukitaka kwenda

Nenda msimu wa mavuno, maana nje ya hapo utaona matawi tu. Piga simu kabla na mpatane bei. Nendeni watu wanne au watano mgawane usafiri, na kama kuna wanaonja, dereva asiwe mmoja wao. Bodaboda siku hiyo muiache. Vaa viatu vya kufunika, beba maji na kofia. Uliza kama shamba limepigwa dawa karibuni kabla ya kutia chochote mdomoni. Usichume bila ruhusa. Na ukipenda ulichoonja, nunua pale pale.

Stellenbosch, Afrika Kusini, walianzisha njia rasmi ya watalii wa mvinyo mwaka 1971, na leo watu wanapanda ndege kwenda kuzunguka mashamba yale. Sisi tangu 2024 tuna treni ya SGR kutoka Dar mpaka Dodoma. Mgeni anaweza kufika asubuhi. Wenye kumpokea wapo, wanachohitaji ni kujulikana, na kuna wanafunzi wa utalii humu humu chuoni ambao wanalalamika hawana mahali pa kufanyia mazoezi.

Nilimpigia baba usiku ule. Sikumwambia asikate, maana njaa ya nyumbani anaijua yeye. Nilimweleza habari za waliong'oa mizabibu na baadaye wakapanda upya, na za yule mama na milango yake minne. Nikamuuliza kama pale kijijini wenye michungwa wamewahi kukaa kikao kimoja kabla dalali hajaja. Akasema hawajawahi. Kisha akasema msimu huu ataacha nusu ya miti, na nimtafutie habari za kukamua juisi, bei ya mashine na namna ya kuhifadhi. Nimeshaanza kuuliza. Kama kuna mtu wa sayansi ya chakula anasoma hapa, naomba anitafute.

Kabla hajakata simu akauliza taratibu, "Na huo mvinyo, hukuonja?"

"Zabibu tu, baba."

"Haya. Na mama yako anauliza."