Nili ya Champaran: Jinsi Wakulima wa Bara Hindi Walivyopata Haki kwa Kalamu

Wilaya ya Champaran ilikuwa kaskazini mwa jimbo la Bihar katika Bara Hindi, karibu na mpaka wa Nepal. Ni nchi yenye rutuba, lakini kwa muda wa miaka mingi wakulima wake hawakuwa na hiari ya kupanda walichotaka. Wakati huo Bara Hindi ilitawaliwa na Waingereza, na sehemu kubwa ya ardhi ya wilaya hiyo ilikuwa mikononi mwa mabwana wa Kizungu wenye mashamba makubwa.

Desturi ya mabwana hao ilikuwa hii: kila mpangaji alilazimishwa kupanda nili katika sehemu 3 kwa kila sehemu 20 za shamba lake, na kuwauzia mavuno kwa bei waliyoiweka wao wenyewe. Nili ni mmea utoao rangi ya buluu ya kutilia nguo. Wakulima waliuchukia, kwa maana ulitwaa ardhi iliyo bora na kazi nyingi, na faida ikaenda kwa mwingine.

Katika mwaka wa 1897 kiwanda kimoja cha Ujerumani kilianza kuuza nili iliyotengenezwa kwa madawa, nayo bei ya nili ya shambani ikaanguka. Mtu angedhani kuwa huo ndio mwisho wa taabu. Sivyo. Mabwana waliwaambia wapangaji kwamba watawafungua wasipande nili tena, ila kwa sharti la kuongezewa kodi ya shamba, au kulipa fedha nyingi kwa mara moja. Hivyo hasara ya mwenye shamba ikatwikwa mpangaji.

Mmoja wa wakulima hao, Rajkumar Shukla, alifunga safari mwezi wa Desemba 1916 mpaka Lucknow, ulikokuwa mkutano mkubwa wa chama cha Congress. Huko alimwomba Bw. Gandhi, aliyekuwa amerudi kutoka Afrika ya Kusini mwaka wa 1915, aje ajionee mwenyewe. Bw. Gandhi hakuwa na nafasi, lakini mkulima yule hakuchoka. Alimfuata toka mji hata mji mpaka akakubaliwa. Katika Aprili 1917 wakaenda pamoja.

Siku chache baada ya kufika, Bw. Gandhi alikuwa njiani juu ya ndovu, akienda kumtazama mkulima aliyetendewa vibaya, alipofikiwa na amri ya Serikali kwamba aondoke wilayani. Alikataa, naye akaitwa mbele ya hakimu mjini Motihari tarehe 18 Aprili. Wakulima wengi sana walikusanyika nje ya korti. Mawakili waliokuja kumsaidia waliulizwa watafanya nini akifungwa. Kwanza walidhani watarudi makwao. Kisha wakaona aibu, ikiwa mgeni yu tayari kwenda gerezani kwa ajili ya watu wao, wao kukimbia. Wakaahidi kumfuata.

Mbele ya hakimu Bw. Gandhi hakujitetea. Alikiri kuwa ameivunja amri, akasema yu tayari kwa adhabu. Hakimu akaahirisha hukumu. Na kabla ya siku kufika, Gavana wa jimbo akaamuru kesi ifutwe.

Ndipo kazi yenyewe ilipoanza, nayo ilikuwa kazi ya karani. Mawakili waliketi kutwa wakiandika maneno ya wakulima, watu maelfu. Kila mmoja aliulizwa maswali kwa makini, na maneno yasiyosimama yalikataliwa. Hata askari wa upelelezi waliachwa wakae wasikilize, kwani hapakuwa na la kuficha.

Mwezi wa Juni 1917 Serikali iliunda kamati ya uchunguzi, na Bw. Gandhi akawa mmoja wa wajumbe wake. Kamati iliona kuwa wakulima wamedhulumiwa. Ilishauri desturi ya nili ikomeshwe, kodi iliyoongezwa ipunguzwe, na mabwana warudishe robo ya fedha zile walizotoza kwa mara moja. Sheria ikatungwa katika mwaka wa 1918.

Wako waliosema robo ni kidogo. Lakini mkulima aliyezoea kutetemeka mbele ya bwana wake alikuwa amemwona bwana huyo akitakiwa kurudisha fedha, wala hapakurushwa jiwe.

Bara Hindi ilipata uhuru wake mwaka wa 1947. Mmoja wa mawakili walioketi Champaran na kalamu mkononi, Bw. Rajendra Prasad, akawa Rais wake wa kwanza mwaka wa 1950.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima wa Champaran walionyesha kuwa haki nayo ni vivyo hivyo.