CHICAGO KWA MIGUU (2): Ufukwe Uliookolewa na Sentensi Moja

WIKI iliyopita tuliishia kwenye daraja lililopewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mfanyabiashara Mweusi aliyeweka makazi mdomoni mwa mto katika miaka ya 1780, nusu karne kabla Chicago haijaitwa mji. Tuliutazama mto na maghorofa yake. Leo tunaupa mto kisogo na kushika njia ya kusini, Ziwa Michigan likiwa mkono wa kushoto, hadi mtaa wa 55. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita kumi hivi; pamoja na michepuko tutakayoifanya, hesabu kumi na tano. Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu.

Kabla ya kuanza, tujifunze hesabu ya mji huu, maana anayeijua hana haja ya kuuliza njia. Namba za nyumba huanzia sifuri pale barabara za State na Madison zinapokutana, katikati ya mji. Kwa kawaida kila namba 800 ni maili moja, yaani kilomita 1.6. Upande wa kusini, barabara zinazokatisha mashariki hadi magharibi zina namba badala ya majina. Mwanzoni hesabu hiyo imepinda kidogo, lakini mtaa wa 31 uko maili tatu kutoka sifuri, na kutoka hapo kila mitaa minane ni maili moja: wa 39 maili nne, wa 47 maili tano, wa 55 maili sita. Aliyechoka husoma kibao, akatoa, akajua amebakiza kiasi gani.

Ziwa lenyewe humchanganya mtu wa pwani. Macho yanamwambia ni bahari: ng'ambo haionekani, mawimbi yanapiga kingo, mashua za tanga zinapita. Pua inakataa, kwa kuwa hakuna harufu ya chumvi. Wala hapa hapana kupwa na kujaa kwa kuonekana. Maji hupanda na kushuka kwa miaka. Januari 2013 yalishuka kuliko wakati wowote katika kumbukumbu za vipimo, na kufikia kiangazi cha 2020 yalikuwa yamepanda karibu mita mbili, yakala fukwe na kubomoa kingo. Mkazi wa Kisumu au Mwanza hatashangaa, kwani mwaka huohuo Ziwa Victoria nalo lilifurika. Kwa ukubwa pia ni ndugu: Victoria lina karibu kilomita za mraba 69,000, Michigan karibu 58,000.

Tunaanzia Grant Park. Lile Haragwe la chuma king'aacho, kazi ya Anish Kapoor, liko kona ya kaskazini. Kila mtalii hupiga picha hapo, nasi tulipite. Simama kwenye barabara ya Michigan uangalie kulia na kushoto. Upande wa magharibi majengo yamebanana bega kwa bega kama ukuta. Upande wa mashariki, ukiliacha jumba la sanaa la Art Institute na majengo machache, ni majani, miti, na kwa mbali maji. Katika mji ambao kila kipande cha ardhi kina bei, nani aliuacha ukanda huu mtupu?

Jibu liko kwenye ramani. Mwaka 1836 makamishna wa serikali walikuwa wakiuza viwanja ili kupata fedha za kuchimba mfereji wa kuliunganisha ziwa na mito ya bara. Juu ya ukanda wa kando ya ziwa waliandika kwamba ni mahali pa umma, pabaki wazi milele, bila majengo wala kizuizi chochote. Ni sentensi moja tu. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ufukwe wa Chicago ulipata daftari lake kabla mji haujapata hadhi ya jiji, mwaka 1837.

Lakini daftari lisilosomwa ni karatasi tu. Reli ya Illinois Central ilipita juu ya nguzo ndani ya maji, na baada ya moto mkubwa wa Oktoba 1871, ulioua watu wapatao 300 na kuwaacha wengine 100,000 bila makao, kifusi cha mji ulioungua kilimwagwa baina ya reli na nchi kavu. Sehemu ya majani unayoyakanyaga leo imelala juu ya matofali na majivu ya nyumba hizo. Kufikia 1890 mahali hapo palikuwa jaa lenye vibanda. Aliyekuwa akipatazama kila siku kutoka dirishani kwake ni Aaron Montgomery Ward, tajiri aliyeanza mwaka 1872 kuuza bidhaa kwa posta kupitia katalogi. Ward aliisoma ile sentensi ya 1836, akaenda mahakamani. Kesi zake zilidumu hadi 1911, na matajiri wenzake walimwona mkorofi. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam, anayejua taabu ya kutafuta kichochoro cha kufikia bahari katikati ya kuta za hoteli, atakubali kwamba ukorofi wa namna hiyo una kazi yake.

Matokeo ya kesi hizo yanaonekana dakika ishirini tu kusini. Mfanyabiashara Marshall Field alipofariki mwaka 1906 aliacha dola milioni nane kwa ajili ya makumbusho. Daniel Burnham, mchoraji wa mpango maarufu wa jiji wa 1909, aliyaweka katikati kabisa ya Grant Park. Ward akapinga, Mahakama ya Juu ya Illinois ikampa haki, na jengo likasukumwa hadi kwenye ardhi iliyojazwa kifusi kusini ya bustani, likafunguliwa hapo mwaka 1921.

Humo ndani, nyuma ya kioo, wamo simba wawili wa Tsavo, walewale walioisimamisha kazi ya kujenga daraja la reli mwaka 1898. Mtu wa Voi au Mtito Andei aliyekua akisikia habari zao hushtuka kwanza kwa udogo wao. Ni madume, lakini shingo hazina manyoya marefu, na miili haina ule ukubwa wa hadithi. Sababu ya udogo huo ni kwamba John Henry Patterson, aliyewapiga risasi, alizifanya ngozi zao mazulia ya nyumbani kwa takriban miaka 25 kabla ya kuziuzia makumbusho mwaka 1924 kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimekatwa pembeni, na fundi aliyewaunda upya alilazimika kuwapunguza. Hata idadi ya waliowaua imepungua: Patterson alitaja watu 135, ila uchunguzi wa kemia ya mifupa na nywele za simba hao, uliotolewa mwaka 2009, ulikadiria 35 hivi. Wengi wa vibarua wa reli ile walikuwa Wahindi, pamoja na Waafrika, na kwenye historia majina yao hayakupata nafasi waliyoipata simba.

Toka nje, fuata rasi inayoingia ziwani hadi jumba la nyota la Adler, lililofunguliwa mwaka 1930 na kuwa la kwanza la aina yake katika mabara ya Amerika. Hapa ndipo pa kuutazama mji. Geuka nyuma: maghorofa yote yamejipanga ukingoni mwa maji, na mrefu kuliko wote ni Willis Tower, ghorofa 110 na mita 442, ambao mhandisi wake, Fazlur Rahman Khan, alikuwa mwana wa Bengali. Bustani iliyo kusini ya hapo ilikuwa uwanja mdogo wa ndege. Usiku wa Machi 30, 2003, Meya Richard M. Daley alituma matingatinga yakachimba alama za X kwenye njia ya kurukia, na asubuhi wenye ndege walizikuta zimekwama. Ward aliufungua ufukwe kwa kesi. Daley alifungua kipande chake kwa ubabe. Mpita njia wa leo anafaidi vyote viwili.

Ukiendelea kusini unakutana na jengo lililovunja mwiko: McCormick Place, ukumbi mkubwa wa maonyesho, umekaa ukingoni mwa maji kabisa na kuifinya njia. Kuta zake ni za vioo, na Chicago imo kwenye mkondo wa ndege wahamaji. Katika usiku mmoja wa Oktoba 2023 ndege karibu elfu moja walijigonga hapo wakafa. Mwaka uliofuata vioo vilibandikwa karatasi yenye vitone vidogo ambavyo ndege huviona, na vifo vikapungua mno. Ukisogea karibu utaviona vitone hivyo, vimepangwa kwa mistari kama shanga.

Karibu na mtaa wa 29 punguza mwendo. Kuna jiwe lenye kibao, wakimbiaji wengi hulipita bila kuliona. Julai 27, 1919, kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akielea majini na wenzake. Hakukuwa na sheria iliyoyagawa maji, lakini kulikuwa na mstari usioandikwa baina ya upande wa Weusi na wa Weupe. Mzungu mmoja akawarushia mawe, Eugene akazama. Polisi walipokataa kumkamata mtu huyo, ghasia zikazuka: watu 38 walikufa, 23 Weusi na 15 Weupe. Ufukwe ulioandikwa kuwa wa wote ulikuwa na mpaka ambao hakuna ramani iliyouonyesha.

Kwa sababu hiyo, mtaa wa 31 tunaacha ziwa na kukata kulia hadi barabara ya Martin Luther King. Hii ni Bronzeville. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na Weusi wapatao 44,000. Mwaka 1920 walifika 109,000, wakiwa wamepanda treni kukimbia ubaguzi na umaskini wa majimbo ya Kusini, wengi wakiitikia mwito wa gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert S. Abbott mwaka 1905. Rudi kidogo kaskazini, mitaa michache tu, uone sanamu ya shaba ya Alison Saar, ya mwaka 1996. Ni mtu aliyebeba sanduku lililofungwa kamba, uso ameuelekeza kaskazini, mkono mmoja ameuinua. Kwa mbali utadhani suti yake ni ya magamba ya samaki. Karibia: ni soli za viatu, soli juu ya soli, zimelika na kutoboka. Kwa mtu aliyefika hapo kwa miguu, hakuna sanamu inayozungumza lugha nyepesi kuliko hiyo.

Nyumba za mawe zenye ngazi ndefu mbele, zilizopanga barabara hii, zilijengwa na matajiri Weupe kabla ya wahamiaji hao kuja. Mwandishi Ida B. Wells aliishi katika mojawapo. Lakini kwa nini watu wengi hivyo walibanana katika ukanda mwembamba namna hii? Jibu ni karatasi tena. Wenye nyumba wa mitaa ya jirani waliwekeana mikataba ya kutomuuzia wala kumpangisha mtu Mweusi, na mahakama ziliitekeleza mikataba hiyo hadi 1948, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipozikataza. Maandishi yaliyoufungua ufukwe na maandishi yaliyoufunga mtaa yalikaa katika mji mmoja kwa miaka mingi, na kilichoyatofautisha ni nani aliyakalia kitako na nani aliyabishia.

Kwenye mtaa wa 35 pinda mashariki urudi ziwani. Utavuka reli na barabara kuu ya kando ya ziwa kwa daraja la waenda kwa miguu, lililopindapinda na kuning'inia kwa nyaya, lililofunguliwa mwaka 2016. Simama katikati yake utazame chini: njia za reli, kisha magari yanayokwenda kasi, na ng'ambo tu ndiyo majani na maji. Ziwa lilikuwa karibu na Bronzeville kwa macho, mbali kwa miguu.

Zilizobaki ni maili mbili na nusu za njia nyoofu. Shika upande wa waenda kwa miguu, kwani tangu 2018 baiskeli zina njia yao, na waendeshaji hawana subira na mgeni anayetangatanga. Mwisho wetu ni Promontory Point, rasi ya kubuniwa kwenye mtaa wa 55, ambayo Alfred Caldwell aliipanda miti na majani mwaka 1937. Ukingo wake ni ngazi za mawe makubwa ya chokaa, yamelainishwa na mawimbi na kukaliwa kwa miongo. Mji ulipotaka kuyaondoa na kumwaga zege, wakazi wa Hyde Park, kitongoji cha hapo jirani, walibishana nao kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2023 baraza la jiji liliitangaza rasi hiyo kuwa mahali pa urithi, na hivyo nayo ikapata daftari lake.

Kaa juu ya mawe hayo, vua viatu, utazame kaskazini. Maghorofa tuliyoyaacha asubuhi yamekuwa madogo, yakitosha kufunikwa na kiganja. Kutoka Grant Park hadi hapa, ukiyatoa makumbusho tuliyochepukia, njia yote ya ziwani haina lango, mlinzi wala kiingilio.

Wiki ijayo tutakwenda kaskazini, hadi Lincoln Park, bustani iliyokuwa makaburi.