Sifa ya Mji Hujengwa na Wananchi
Kwa miaka mingi mji wa Moshi umesifiwa kuwa miongoni mwa miji safi kabisa Tanzania. Je, sifa hiyo imetokana na nini? Si Mlima Kilimanjaro, kwani mlima haufagii barabara. Wala si faini peke yake: anayeogopa faini tu hutupa taka askari akigeuka. Chimbuko lake ni wananchi kuuona mji kuwa mali yao. Huko migombani wakulima walichimba mifereji, yaani mifongo, wakaitunza kwa kazi ya pamoja. Mkwepaji aliadhibiwa na wenzake. Jukumu letu makada ni kuujenga moyo huo mpaka vichochoroni. Tusipofanya hivyo, sifa itaishia barabara kuu.