Mhunzi wa Ziwani na Jembe la Mahari

Wahenga wetu wa pwani walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mjaluo wa Kisumu angeielewa methali hiyo bila mkalimani. Mhunzi kwao ni jatheth, na mara nyingi mwana aliirithi kazi hiyo kwa babake, akianzia kwenye mivukuto. Nasi Waislamu tusiidharau kazi ya nyundo. Chuma kina sura yake katika Kurani Tukufu, nayo ni ya 57, na Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma na Mola wake akaunda nguo za vita.

Ukifuata ufuo wa ziwa kutoka Kisumu kwenda magharibi, upande wa Busia, utafika kwa Wasamia. Vilima vyao vina mawe ya chuma. Wazee wao waliyayeyusha kwa makaa, wakafua mikuki na majembe. Jembe la Samia lilisafiri mbali. Wajaluo na Waluhya walilitafuta, wakalitoa mahari. Hebu fikiri, ndugu msomaji: kila nyundo ilipolia, huenda kuna kijana aliyekuwa akingojea kuoa! Si ajabu mhunzi aliheshimiwa na kuogopwa pamoja. Hata Ayalandi, huko Ulaya, wanavijiji waliamini kuwa maji ambamo mhunzi alizimia chuma chake huponya chunjua.

Katika uwanda wa Kano, mashariki ya Kisumu, husimuliwa habari za Luanda Magere, shujaa mwenye mwili wa jiwe. Mikuki ya maadui ilimgonga ikapinda. Mke aliyetoka kwa maadui hao ndiye aliyeijua siri: nguvu zake zimo kivulini. Kivuli kilipochomwa mkuki, shujaa akaanguka, akawa jabali. Wenyeji husema wawindaji walikuwa wakinoa mikuki yao juu yake. Hapo ndipo ngano hii inaponipendeza: jiwe lililomshinda mhunzi likaishia kuwa kinoo chake.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na majembe ya viwanda vya Ulaya, rahisi kwa bei, yakafuata. Matanuri ya Samia yakapoa. Leo fundi wa jua kali mjini Kisumu hufua panga kwa springi ya gari bovu, na hulifua vizuri. Lakini kulitoa chuma jiwe ni elimu nyingine, na wengi waliokuwa nayo wamekwenda nayo kaburini. Vilimani yamesalia mavi ya chuma, meusi, mazito. Mtoto huyaokota akidhani ni mawe tu.