Mzazi anapomharakisha binti kuwa mtu mzima

KILA mwaka, baina ya Septemba, wanafunzi wanapofanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na Januari, kidato cha kwanza kinapofunguliwa, maelfu ya wasichana nchini hukaa nyumbani wakisubiri kujua hatima yao. Wengi wao wana umri wa miaka 13 au 14. Ni katika miezi hiyo michache ambapo jambo kubwa huamuliwa, mara nyingi bila binti mwenyewe kuulizwa: ataendelea kuwa mtoto, au utoto wake umekwisha?

Itigi, mkoani Singida, ni mahali panapofaa kulitazama jambo hilo kwa makini. Mji huo upo kwenye Reli ya Kati, magharibi ya Manyoni. Barabara ya kwenda Tabora hupita hapo, na nyingine hushuka Rungwa kuelekea mkoani Mbeya. Abiria, wafanyabiashara na madereva wa malori hupita na kulala, na Hospitali ya Mtakatifu Gaspar huwavuta wagonjwa kutoka mbali. Nje ya mji, familia huishi kwa kilimo, ufugaji na urinaji wa asali, katika vijiji vilivyotawanyika pembezoni mwa vichaka vinene vinavyojulikana na wataalamu wa mimea kwa jina la mji huo.

Msichana wa eneo kama hilo hukua baina ya dunia mbili: ya kijijini ambako kazi humngoja mapema, na ya njiapanda ambako wageni wenye fedha hawakosekani. Anayesimama katikati ya dunia hizo ni mzazi wake.

Watu wazima wanapowazungumzia mabinti “wanaokua haraka”, lawama huelekezwa kwenye simu, televisheni na mavazi. Vitu hivyo vina nguvu yake na hakuna anayeweza kuikana. Hata hivyo, ukizifuatilia hatua zinazomtoa binti utotoni moja baada ya nyingine, utaona kuwa nyingi huanzia nyumbani kwao.

Mwili hutangulia, akili hufuata

Dalili za kwanza za kubalehe kwa msichana huonekana kwa kawaida kati ya umri wa miaka 8 na 13, na hedhi ya kwanza hufuata baada ya miaka miwili hivi. Katika nchi za Ulaya, wasichana wa karne ya 19 walivunja ungo wakiwa na miaka 16 au 17. Kufikia katikati ya karne ya 20 umri huo ulikuwa umeshuka hadi karibu miaka 13. Sababu kubwa inayotajwa ni lishe bora na kupungua kwa maradhi ya utotoni.

Ubongo haukwendi kwa mwendo huo. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo humwezesha mtu kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo binti wa miaka 13 anaweza kuwa na umbo la mwanamke huku uwezo wake wa kupima hatari ukiwa bado wa mtoto.

Pengo hilo ndilo linalohitaji mlezi. Watafiti Håkan Stattin na David Magnusson, waliowafuatilia wasichana wa mji wa Örebro nchini Sweden na kuchapisha matokeo yao mwaka 1990, walibaini kuwa wasichana waliobalehe mapema walikuwa wepesi zaidi kuanza ulevi na utoro. Sababu kubwa haikuwa mwili wenyewe. Wasichana hao walichukuliwa na marafiki waliowazidi umri, na wale wasio na marafiki wa aina hiyo hawakutofautiana sana na wenzao.

Somo hilo linafika hadi Itigi. Binti anapokuwa na umbo kubwa, wanaomzunguka huanza kumchukulia kama mtu mzima. Mzazi naye anapomwambia siku anayovunja ungo kuwa “sasa umekuwa mwanamke”, bila kumweleza jambo jingine lolote, anaungana na wale wanaomvuta.

Njia nne za kumharakisha

Njia ya kwanza ni kazi. Binti wa kwanza katika familia nyingi hugeuzwa mama wa pili: anabeba mdogo wake, anachota maji, anapika na kulinda nyumba wazazi wanapohamia mashambani msimu wa kilimo. Kumfundisha mtoto kazi ni malezi mema, lakini kumkabidhi nyumba ni jambo jingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isimdhuru mtoto wala kumzuia kusoma. Hata hivyo, kwa muda mrefu Singida, kama zilivyo Dodoma na Iringa, imekuwa miongoni mwa mikoa inayotoa wasichana wa kazi za ndani kwa miji mikubwa, na baadhi yao huondoka nyumbani mara tu baada ya darasa la saba.

Njia ya pili ni mahitaji madogo. Msichana aliyeanza hedhi anahitaji taulo za kike kila mwezi. Mwaka 2018 Serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani, kisha mwaka 2019 ikairejesha. Nyumbani ambako baba huona aibu kuzinunua na mama hana fedha, binti huachwa ajitafutie. Hapo ndipo hutokea mwanamume mwenye pikipiki, sahani ya chipsi na maneno matamu. Watanzania walimpa mtu wa namna hiyo jina la “fataki”, kutokana na kampeni ya redioni iliyoanza mwaka 2008. Mzazi anayeona simu mpya mkononi mwa mwanawe na asiulize imetoka wapi amekwisha kutoa ruhusa kwa kukaa kimya.

Njia ya tatu ni geto. Katika wilaya zenye vijiji vilivyo mbali na shule za sekondari, wazazi huwapangia watoto chumba karibu na shule. Manyoni, kabla Itigi haijawa halmashauri inayojitegemea, ilichukua zaidi ya nusu ya eneo lote la Mkoa wa Singida, na umbali wa aina hiyo haufutwi na mgawanyo wa mipaka. Mzazi anayepanga chumba huwa na nia njema ya kumsomesha binti. Lakini msichana wa miaka 14 anayejipikia, kujipangia matumizi na kulala bila mkubwa wa kumwangalia anaishi maisha ya mtu mzima kabla ya wakati.

Njia ya nne ni mahari. Katika mikoa kadhaa imewahi kuripotiwa kuwa baadhi ya wazazi huwashawishi mabinti waandike majibu ya ovyo katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi ili wasichaguliwe kuendelea na hivyo waweze kuozwa. Wengine, binti anapopata mimba, humalizana na mhusika kwa ng’ombe au fedha badala ya kwenda polisi.

Sheria na saini ya baba

Kwa miaka mingi sheria yenyewe ilimkabidhi mzazi uwezo huo. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kiliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, huku mvulana akitakiwa kufikia 18. Kifungu cha 17 kilitaka ridhaa ya mzazi, kwanza baba. Ridhaa hiyo iliyokusudiwa kuwa ngao ya mtoto ikawa ndiyo mlango wa kumtoa.

Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Rufaa ya Mwanasheria Mkuu ilitupwa na Mahakama ya Rufani Oktoba 2019.

Mwaka huo huo wa 2016, Sheria ya Elimu ilirekebishwa. Anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo, akiwamo mzazi, anaweza kutozwa faini isiyopungua Sh milioni 5, kufungwa miaka 5, au vyote viwili.

Hali imebadilika kiasi. Tafiti za kitaifa za demografia na afya zinaonyesha kuwa mwaka 2015/16, kati ya kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au kupata mimba. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa 22. Bado ni zaidi ya msichana mmoja kati ya watano. Kwa aliye mdogo, ambaye nyonga zake hazijakomaa, uzazi unaweza kuleta uchungu wa muda mrefu, fistula au kifo.

Kinachoweza kumrejeshea utoto wake

Yale yanayoweza kufanywa na mzazi hayahitaji utajiri. La kwanza ni mazungumzo kabla ya hedhi ya kwanza, yaani binti anapokuwa na miaka 9 au 10. Zamani kazi hiyo ilifanywa na bibi au shangazi. Pale ambapo hawapo karibu, haiwezi kuachiwa simu wala rafiki wa darasani. Baba naye ana nafasi yake, kwani binti aliyezoea kusikilizwa na baba yake hatababaishwa kirahisi na sifa za mpita njia.

La pili ni kuziweka taulo za kike katika bajeti ya nyumba kama inavyowekwa chumvi. La tatu, wazazi wenye watoto katika mageto wanaweza kuungana na kumweka mama mtu mzima wa kuaminika akae nao, huku wakishirikiana na uongozi wa kijiji na shule kujenga hosteli. La nne ni kutofunga mlango kwa aliyekwisha kujikwaa: Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unawaruhusu waliokatisha masomo, wakiwamo waliojifungua, kurejea shuleni.

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za umma iliondolewa tangu Januari 2016, ingawa sare, madaftari na chakula bado humgharimu mzazi. Gharama hizo ni nzito kwa mkulima aliyevuna kidogo, na ndizo humshawishi kukubali ng’ombe wa mahari au nauli ya kumpeleka binti mjini kufanya kazi. Lakini binti anayevuka Januari akiwa na sare mwilini huwa amepata miaka minne zaidi ya kukomaa akili kabla dunia haijamtaka awe mke, mama au mtumishi wa nyumba ya watu.